Kipimo cha Mkono wa Kushoto

Mwaka wa kumi na saba huu, nameza saa mbili usiku,
na Sista Edeltruda amenisomea karatasi kwa sauti ya harusi:
virusi havionekani.
Nikafunga kanga vizuri, nikataka kuondoka.
"Kaa," akasema. "Lete mkono wa kushoto."

Mpira ukajaa upepo, ukanibana kama mdai,
ukapumua taratibu.
Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na moja.
Akapima tena. Akanyamaza.
Sijawahi kupenda ukimya wa nesi.

Daktari Nampesya ni kijana, kucha safi.
Akachora nyuma ya kadi yangu mistari miwili:
huu mshipa, katikati damu inapita,
kwenye kingo panaganda mafuta, panakakamaa.
Mwili wako, mama, umepigana muda mrefu,
na vita hata ikitulia huacha nyufa ukutani.
Ndiyo maana mishipa yenu huchoka mapema.
Nikamwambia, mwanangu, hilo nalijua.
Mimi ni mtu wa majaruba.

Nimevuna chumvi Lindi hii tangu Somoe yuko mgongoni.
Maji ya bahari huja kwa mfereji, bamvua likiitika,
na mfereji hauzibi siku moja.
Kwanza utando. Kisha ukoko, mweupe, mzuri hata,
unang'aa. Kisha maji yanapita kwa kujibanza,
na asubuhi moja jaruba la mwisho limekauka
na msimamizi anauliza nani alilala.
Sisi tunakwangua kwa jembe.
"Na huu wa kwako," nikagusa mchoro, "jembe lake lipi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Chumvi, nusu ya nusu.
Mafuta ya kukaangia yasirudiwe.
Mbaazi, mchicha, kisamvu kwa tui la pili, si la kwanza.
Kutembea. (Kutembea! Mimi nibebaye viroba juani.)
Na korosho, zisizotiwa chumvi, kiganja kimoja.
Korosho! Zinatupita barabarani zimelala kwenye malori,
bei yake tunaisikia redioni.

Kisha akasema: "Na uzito, mama, upungue kidogo."

Hapo masikio yakaziba kwa ndani.
Yeye hakuniona mwaka ule wa kwanza,
pete ikidondoka yenyewe kwenye beseni la dagaa,
Binti Chipande akinipimia sanda kwa macho
kila nipitapo bombani.
Kilo hizi nimezipata moja moja,
kwa uji uliorudi njia uliyoingilia,
kwa vidonge vilivyonifanya niote naanguka.
Mapaja haya ndiyo jibu langu.
Kiuno kilipojaza gauni, mtaa ukanyamaza.
Sasa nipungue? Niwarudishie la kusema?
Daktari, ugonjwa wa ulimi wa jirani
unao kidonge chake hapo dirishani?

Hakuwa nacho. Hakunidanganya, nikampenda kwa hilo.

Jioni nikachemsha ming'oko, fungu la elfu moja.
Somoe akashika mkebe, mkono wa mazoea,
nikamshika kiwiko.
Tukala. Mwanzo ilikuwa kama kusalimia mtu asiyeitika.
Kipande cha nne, au cha tano,
ikaja ladha ya udongo ulionyeshewa jana,
ya mzizi wenyewe, tamu kwa mbali, yenye haya.
Miaka hamsini na moja
nilikuwa nakula chumvi yenye ming'oko ndani.

Somoe akasema hiki chakula cha mahabusu.
Akajitilia yake, nyingi, akinitazama.
Sikumkataza. Nilihesabu tu
vidole vyake vilivyozama mkebeni: vitatu.

Sijui kama nitapungua.
Binti Chipande naye siku hizi anatembelea fimbo,
upande mmoja wa mdomo umelala,
na yeye hakuwahi kumeza kidonge changu hata kimoja.

Alfajiri nimo jarubani, maji kwenye vifundo,
upepo unanipaka midomo.
Nalamba, bila kukusudia.
Tarehe kumi na nne nitamuuliza Sista Edeltruda:
na hii nayo inahesabiwa?